Mwanamkuu Marehemu Omari

Nitegeeni masikio, nami mwishoni nitawategea swali. Mzee na mtoto, msomi na asiyesoma, kila mmoja ana haki ya kujibu, mradi atoe jibu moja.

Katika Manispaa ya Mtonganya, mwaka 1994, walikuwako makarani watatu wa muda, na kila mmoja alijaliwa kipaji ambacho wenziwe hawakuwa nacho.

Wa kwanza aliitwa Leokadia Semhando, na kipaji chake kilikuwa jicho. Ukurasa wenye majina hamsini aliutazama kama mpishi anavyotazama mchele katika ungo: jiwe lilijitokeza lenyewe. Tangu tarehe 1 Julai 1983, siku aliyoshika kalamu ya ofisi kwa mara ya kwanza, hakuwa amepatikana na kosa hata moja, wala hakuwaachia watu nafasi ya kulisahau jambo hilo.

Wa pili aliitwa Mzee Hizza Chambuso, na kipaji chake kilikuwa kumbukumbu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa karani wa makaburi ya manispaa. Ukimtajia maiti, yeye alikutajia siku, tarehe, mwezi na mwaka, tena akakuambia kama mvua ilinyesha. Waliofiwa walimwogopa, kwa maana alikumbuka pia nani hakuhudhuria.

Wa tatu aliitwa Mbwana Shekidele, na kipaji chake kilikuwa miguu. Huyo alikuwa tarishi. Ilisemwa kwamba akipelekwa na barua, jibu hurudi kabla wino wa muhuri haujakauka.

Kazi waliyopewa watatu hawa ilikuwa kuhakiki na kusahihisha orodha ya wapiga kura wa Mtaa wa Katani, iliyoandikwa mara ya kwanza mwaka 1990. Waliokufa waondolewe, wapya waingizwe, na uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa ufanyike Jumapili tarehe 6 Novemba.

Sasa mjueni mwenye hadithi. Mwanamkuu Omari alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane. Mwezi wa Februari mwaka ule, mjukuu wake Tunu, mtoto wa miaka sita, alipatwa na homa kali, na hospitali ikataka barua ya mwenyekiti wa mtaa ili atibiwe bila malipo. Mwenyekiti alikuwa Ngoda Kupaza. Bibi alikwenda kwake Ijumaa tarehe 11, akaambiwa mwenyekiti anakula. Alikwenda Jumamosi tarehe 12, akaambiwa muhuri umefungiwa kabatini. Jumapili tarehe 13 mtoto akafa. Siku ya kuanua matanga Kupaza alikuja mwenyewe na barua mkononi, imesainiwa na kupigwa muhuri barabara.

"Mtoto ameshazikwa, mwenyekiti," alisema Mwanamkuu.

"Basi iweke," alijibu Kupaza. "Labda mjukuu mwingine ataugua."

Tangu siku ile Mwanamkuu alikuwa na haja moja tu duniani: kumwondoa Kupaza katika kiti kile, na kukikalia yeye. Hakuna mwingine aliyethubutu kusimama. Lakini sheria ilisema mgombea ni sharti awe katika orodha ya wapiga kura, naye hakuwa ameandikishwa mwaka 1990, kwa kuwa mwaka ule wote alikuwa akimwuguza mumewe. Kwa hiyo Jumatano tarehe 5 Oktoba alivaa kanga mpya, akaenda kujiandikisha. Aliyekuwa mezani ni Leokadia.

"Jina lako, mama?"

"Mwanamkuu binti marehemu Omari."

Hapa msikilize vizuri. Mtu aliyelelewa pwani hamtaji mzazi wake aliyekufa kama anayemwita sokoni. Humtangulizia neno la heshima, na asiyefanya hivyo huonekana hakulelewa. Kwa Mwanamkuu, neno lile halikuwa habari, lilikuwa adabu. Lakini kitabu cha kuandikishia kilikuwa na visanduku vitatu vya jina, na kanuni ya saba iliagiza: jina liandikwe kama linavyotamkwa na mwenyewe, pasipo kuongeza. Leokadia aliliacha neno binti, kwa kuwa kanuni ya nane ililikataza, akajaza visanduku vyake kwa mwandiko uliosimama wima kama askari wa gwaride: Mwanamkuu. Marehemu. Omari.

Jumatano tarehe 12 ikaja amri kutoka kwa Bwana Gervas Matalu, msimamizi msaidizi wa uchaguzi katika kata: kila mstari wenye neno marehemu ufutwe. Mistari ilikuwa kumi na miwili. Kumi na mmoja ilikuwa ya wafu, waliotiwa neno hilo na Mzee Hizza. Rula ya Gervas ikapita juu ya yote. Ijumaa tarehe 14 jumla ya majina, 1,416, ikatumwa makao makuu kwa simu ya upepo ili karatasi za kura zichapwe. Jumatatu tarehe 17 orodha ikabandikwa ukutani, na siku ya mwisho ya masahihisho ikatangazwa kuwa Ijumaa tarehe 21, saa kumi kamili alasiri. Makarani wetu watatu hawakuwapo. Tangu tarehe 13 walikuwa wamepelekwa kuhakiki mtaa mwingine.

Mwanamkuu aliusoma ukuta mara tatu kwa kidole. Kisha akaenda dirishani kwa Bwana Gervas. Foleni ilikuwa ndefu, na watu wa foleni ndefu hupenda kituko.

"Bi mkubwa," alisema Gervas baada ya kufunua kitabu, "hapa umekufa."

"Nimekufa lini, mwanangu?"

"Tarehe 12 Oktoba."

"Mbona sikusikia kilio?"

Foleni ikaangua kicheko. Mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Marehemu, pisha! Walio hai wana haraka!" Mwingine akauliza kama huko kwao sukari inapatikana.

"Basi niandikie pingamizi," alisema Mwanamkuu.

"Pingamizi huwekwa na mpiga kura aliyemo katika orodha. Wewe humo."

"Niliyefutwa ni mimi, na wa kulalamika si mimi?"

"Ndiyo sheria, mama."

Wakati ule Ngoda Kupaza alikuwa akipita na wapambe wake. Alisimama, akainua mikono miwili, akasema kwa sauti ya msibani: "Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema." Na foleni nzima, wakiwamo majirani waliokula kwake wakati wa matanga ya Tunu, wakaitikia: "Amina."

Alirudi Jumanne, Jumatano na Alhamisi, na kila siku aliitikiwa amina. Ijumaa tarehe 21 asubuhi makarani watatu wakarejea, wakamkuta ameketi sakafuni chini ya dirisha.

Leokadia ndiye aliyekifunua kitabu. Wengine wote walikuwa wameona mstari uliofutwa. Yeye aliona sababu. Jicho lake lilishuka hadi namba 902, likasimama katika kisanduku cha pili.

"Hili si jina," alisema. "Hii ni heshima ya baba yake. Na mwandiko huu ni wangu."

Bwana Gervas alishusha sauti. "Leokadia, fikiri vizuri. Fomu ya masahihisho inataka jina la karani aliyekosea, na karani aliyekosea hufutwa katika daftari la makarani kwa miaka kumi. Ukisema wino ulimwagika, mimi sitauliza."

"Wino umemwagika wapi, na mstari ni msafi hivi?"

Alichukua fomu, akaandika kosa lake kwa maneno tisa, akatia sahihi. Alipomaliza alibaki akiitazama sahihi yake kama mtu anayetazama meno yake kiganjani. Bila jicho lile, Mwanamkuu angebaki marehemu, maana hakuna aliyejua alikufa kwa ugonjwa gani.

"Vema," alisema Gervas. "Sasa liko la pili. Jumla imekwisha kwenda makao makuu. Ni 1,416, na haibadiliki. Jina likiingia, jina litoke. Nipeni maiti mmoja aliyesalia katika orodha, na ndugu yake atie sahihi."

Wakamgeukia Mzee Hizza. Alifumba macho, akaanza kuipita orodha kichwani, namba kwa namba, nyumba kwa nyumba. Wafu wote alikuwa amewaondoa mwenyewe. Kazi yake haikuwa ya kubahatisha. Alipofika mahali fulani midomo yake ikakoma.

"Umekwama, mzee?" aliuliza Gervas.

"Sijakwama. Nimefika."

Ilikuwa namba 388, Yusufu Hizza Chambuso. Huyo alikuwa mwanawe wa pekee, aliyeondoka tarehe 9 Machi 1991 kwenda machimbo ya vito, na katikati ya mwezi wa Aprili shimo likajaa maji. Baadhi walitolewa, yeye hakuonekana. Nyumbani, mkewe Mzee Hizza, Bi Mwajabu, aliendelea kumwekea sahani. Na karani huyu, aliyewafuta wafu wa watu bila kupepesa, alikuwa amelipita jina lile mara tano kwa kalamu iliyoinuliwa.

Aliivuta fomu kwake. Alipofika palipoandikwa tarehe ya kifo, akasimama.

"Hapa sina," alisema.

"Wewe?" Gervas alicheka. "Wewe unayejua kifo cha kila kuku wa mtaa huu?"

"Maji yaliingia kati ya tarehe 13 na 16. Siku yake hasa sina."

"Mzee, fomu yenye nafasi tupu haipokelewi makao makuu. Weka yoyote. Utakosa vipi tarehe, na ndiyo kazi yako?"

Mzee Hizza akaandika: Jumapili, 14 Aprili 1991. Ilikuwa tarehe ya kwanza ya uongo katika maisha yake. Kisha, kama fomu ilivyotaka, akaandika marehemu mbele ya jina la mwanawe. Bila kumbukumbu ile, Mwanamkuu angebaki nje ya mlango, maana ndani hapakuwa na nafasi.

Saa ilikuwa saba na dakika ishirini mchana. Fomu ilikuwa haina nguvu mpaka ipigwe muhuri makao makuu, kilomita kumi na tisa kwa barabara, kabla ya saa kumi. Gari la kata lilikuwa limekwenda kubeba viti vya mkutano wa Kupaza.

"Nipeni," alisema Mbwana.

Alikata njia kupitia shamba la zamani la mkonge, kilomita kumi na nne, juu ya tuta la reli ya vitoroli lililomezwa na majani. Alipokwisha kupita nusu ya njia alikanyaga msumari wa taruma la reli, nao ukaingia kwenye unyayo na kutokeza juu. Aliketi, akauvuta kwa mikono miwili, akafunga mguu kwa shati, akaendelea. Aliingia makao makuu saa kumi kasoro dakika tatu.

Karani wa mapokezi alitazama sakafu kabla hajatazama fomu. "Kaka, unachafua. Hapa pamepigwa deki sasa hivi."

"Piga muhuri, nami nitapiga deki."

Muhuri ulipigwa saa kumi kasoro dakika moja. Na Mbwana, kwa kuwa karani yule hakuwa mtu wa mzaha, alipewa tambara kweli, akapiga deki. Alipomaliza, zahanati ilikuwa imefungwa hadi Jumatatu. Bila miguu ile, jicho na kumbukumbu vingebaki kuwa karatasi ya kufungia karanga.

Mwanamkuu akarudi katika orodha. Jumapili tarehe 6 Novemba akamshinda Ngoda Kupaza kwa kura kumi na tisa. Siku ya kuapishwa watu wa foleni ile ile walimpigia vigelegele.

Lakini gharama zilikwisha kukusanywa. Leokadia alifutwa katika daftari la makarani, na jina lake likabandikwa ukutani, chini ya kichwa cha maneno *Waliokosea*, peke yake kama mgonjwa wa ukoma. Watoto wake wakatungiwa wimbo shuleni. Mzee Hizza alirudi nyumbani Jumamosi tarehe 22 akakuta majirani wamefika na mikeka, kwa kuwa orodha mpya ilikuwa imebandikwa asubuhi, ikitaja kufutwa kwa Yusufu na tarehe ya kifo chake. Bi Mwajabu alifunga mzigo wa mumewe. "Siwezi kulala na mtu aliyemzika mwanangu kwa kalamu," alisema, "tena akamchagulia na siku." Nyumba ilikuwa ya urithi wa mke, wakwe wakamtoa mzee, akawa analala katika baraza la nduguye. Naye Mbwana alikatwa mguu wa kulia, chini ya goti, Jumatano tarehe 9 Novemba.

Jumatatu tarehe 28 Novemba mkurugenzi wa manispaa akatoa tangazo. Kwa kuwa orodha ya Mtaa wa Katani ndiyo pekee iliyosahihishwa kwa wakati, nafasi moja ya kudumu ya karani wa daftari ingetolewa kwa mmoja wa watatu hawa. Nafasi ile ilikuwa na nyumba ya manispaa yenye vyumba viwili, ilikuwa kazi ya kukaa kitini, na atakayeipata makosa yake yote ya nyuma yangefutwa. Mwenyekiti wa mtaa aandike barua yenye jina moja, iwe imefika ifikapo Ijumaa tarehe 2 Desemba.

Wote watatu walifika kwa Mwanamkuu Alhamisi, kila mmoja akidhani atakuwa peke yake.

"Ketini," alisema mwenyekiti. "Semeni mbele ya wenzenu. Sitaki mtu wa kuninong'oneza."

Leokadia alianza. "Mwenyekiti, aliyeona ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja isiyo na doa, nikaitoa kwa ajili yako. Nisingesema, nani angejua?"

"Na aliyemwua ni nani?" alidakia Mzee Hizza. "Anayezima taa kisha akaiwasha haombi ahsante. Mimi sikukosea kitu. Nilimtoa mwanangu."

"Mwanao alikuwa amekwisha kufa, mzee. Tangu mwaka 1991. Ulichotoa ni nini, kama si ukweli uliokuwa umeuficha? Ulilipwa kuondoa wafu, ukamficha mmoja. Hilo nalo ni kosa, ila halikubandikwa ukutani."

Mbwana akaigonga mikongojo yake sakafuni.

"Ninyi wawili mmepoteza maneno," alisema. "Huyu neno zuri, huyu neno baya. Mimi mguu wangu uko wapi? Nionyesheni mmoja kati yenu aliyepungua uzito."

"Ulikuwa tarishi," alisema Leokadia. "Tarishi hulipwa kwa kwenda. Msumari haukutumwa na mwenyekiti."

"Na ungekwenda zahanati moja kwa moja usingekatwa," aliongeza Mzee Hizza. "Nani alikuambia upige deki?"

"Niliahidi!"

"Basi umekatwa na ahadi yako."

Mbwana alicheka, lakini si kicheko cha mtu aliyefurahi. "Tazameni! Tarehe 21 Oktoba tulikuwa ndugu. Mwenyekiti, ulipokuwa maiti tulipendana zaidi."

Mwanamkuu aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Hakulia, wala hakuwaomba wanyamaze.

"Kila mmoja anataka nimwambie kwamba yeye ndiye aliyenifufua," alisema. "Sikieni. Leokadia, nikikuandika wewe, nitakuwa nimempa tuzo aliyeniua. Mzee Hizza, nikikuandika wewe, nitakuwa nimekulipa nyumba kwa kifo cha mwanao, na Bi Mwajabu atasema uliuza. Mbwana, nikikuandika wewe, nitakuwa nimenunua mguu, na kuwaambia watu wote kwamba asiyetoka damu hakutoa kitu. Na nisipoandika jina, nafasi inarudi manispaa, mniangukie wote watatu."

"Basi andika," alisema Leokadia.

"Andika," alisema Mzee Hizza.

"Mwenyekiti, andika," alisema Mbwana. "Sisi tuliandika kwa ajili yako."

Mwanamkuu akavuta karatasi. Akaandika juu tarehe 1 Desemba 1994. Akaandika anwani ya mkurugenzi. Akaandika: *Namtambulisha kwako*, na hapo kalamu ikasimama. Watatu wale walisogeza shingo kutazama.

Nami nasimama hapo hapo.

Msiniambie wagawane; kiti ni kimoja, na manispaa haipangishi nusu ya karani. Msiniambie apewe mwenye shida zaidi, mpaka mnieleze mnapimaje: jina lililobandikwa ukutani, sahani isiyowekwa tena mezani, au kiatu kisicho na mwenziwe. Wala msiniambie kosa la kwanza lilikuwa la kanuni ya saba, maana kanuni haili, haifukuzwi nyumbani, wala haikatwi mguu.

Kalamu nawakabidhi ninyi. Mngeandika jina la nani? Na mkisha kuandika, inueni nyuso, mniambie mngewaambia nini wale wawili, ambao bado wameketi mbele yenu na wamekwisha kulisoma.